Mtoto Anapochelewa Kusema

Mtoto huanza kutamka neno lenye maana akikaribia mwaka 1. Akitimiza miaka 2 huwa na maneno yapatayo 50, na ameshaanza kuunga mawili: "mama njoo", "taka maji". Asiyefikia hapo huhesabiwa kuwa amechelewa. Wengi wao baadaye huwafikia wenzao, ndiyo maana jamaa huwatuliza wazazi kwa kusema baba yake naye alichelewa. Lakini kwa kumtazama tu, haijulikani ni yupi atakayesema mwenyewe na ni yupi anayehitaji msaada, na miezi inayopotea kwa kungoja hairudi.

Kinachotangulia ni kupima masikio, hata kama mtoto hugeuka mlango ukigongwa. Majimaji yanayotuama nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua ya mara kwa mara hufifisha sauti: kishindo hukisikia, ila "pata" na "kata" kwake ni neno moja. Homa ya uti wa mgongo nayo huweza kuondoa usikivu kabisa, na vivyo hivyo manjano kali ya siku za mwanzo za maisha.

Familia nyingine hukimbilia kukata kiutando cha chini ya ulimi. Kikikaza, kiutando hicho huweza kuharibu baadhi ya matamshi, lakini hakimzuii mtoto kuanza kusema, na wembe wa mtaani humletea jeraha na maambukizi bure. Lugha ya bibi nayo husingiziwa. Mtoto wa lugha mbili hachelewi kwa sababu hiyo. Maneno yake ya pande zote huhesabiwa pamoja.

Nyumbani, dawa ni mazungumzo. Mtoto akinyoosha kidole kwenye kikombe, mlezi humtajia "kikombe", kisha hunyamaza na kumtazama usoni kwa sekunde kadhaa. Ukimya huo humshinda mtu mzima haraka, ilhali ndio unaompa mtoto zamu yake. Akisema "maji", hujibiwa "maji baridi", bila kulazimishwa kurudia wala kuchekwa. Simu haiwezi kazi hiyo, maana haingoji jibu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 haushauri mtoto wa chini ya miaka 2 kuwekwa mbele ya skrini.

Mtoto asiyeitika jina lake, asiyenyoosha kidole kuonyesha kitu akiwa na mwaka na nusu, au aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo, hupelekwa hospitali mara moja, bila kusubiri atimize miaka 2.