Pampu ya Mafuta na Mtu wa Kuijibia

Gari linazimika kwenye foleni ya Mwenge, saa nane mchana, jua limepamba moto. Likishapoa, linawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Fundi mzoefu huanza kwa kutega sikio: switchi ikiwashwa, ule mvumo mfupi wa kutoka kwenye tangi upo? Kama haupo, na fyuzi na rilei ni nzima, basi mshukiwa ni pampu ya mafuta.

Safari ya Kariakoo kutafuta pampu nyingine inaanza. Kwenye kaunta zinawekwa pampu tatu zinazofanana kama mapacha: moja imetolewa kwenye gari kuukuu, ya pili mpya ya bei nafuu, ya tatu imo ndani ya boksi lenye jina kubwa la Kijapani. Wanunuzi wengi huamini kwamba boksi limemaliza ubishi. Halijamaliza.

Mwaka 2020 Toyota iliyaita magari takriban milioni 5.8 duniani yarudishwe kwa matengenezo kwa sababu ya pampu za Denso, jina linalotajwa kwa heshima kwenye maduka yetu ya spea. Kasoro ilikuwa kwenye kifeni cha plastiki kinachosukuma petroli. Plastiki hiyo haikushindiliwa vya kutosha. Ikanyonya petroli, ikavimba, ikawa inasugua ganda la pampu hadi pampu ikakwama. Injini ingeweza kuzimika gari likiwa kwenye mwendo. Baadaye Honda nayo iliita mamilioni ya magari yake kwa sababu hiyohiyo. Hizo zilikuwa pampu halisi, za kutoka kiwandani.

Je, halisi na bandia ni mamoja? Hata kidogo. Mtengenezaji wa pampu zile alijulikana, namba zake zilisomeka, na wenye magari walibadilishiwa bure. Pampu ya bandia iliyobandikwa jina la mwenzake ikifa baada ya wiki tatu, nani ataulizwa? Muuzaji atasema fundi kaifunga vibaya. Fundi atasema mafuta yamechakachuliwa. Pampu ya bei nafuu inayobeba jina la mtengenezaji wake mwenyewe ina afadhali kubwa, kwa kuwa yupo wa kuijibia.

Hata hivyo, si kila pampu inayokufa mapema imeuliwa na kiwanda. Nyingi hukaa ndani ya tangi, na petroli ileile ndiyo inayozipoza na kuzilainisha. Dereva anayetembea siku zote taa ya mafuta ikiwaka anaipika pampu yake. Na pampu mpya ikitumbukizwa kwenye tangi lenye tope, chujio la zamani likaachwa palepale, haitafika mbali.

Msikilizaji, kabla hujatoa fedha, mtake fundi apime presha kwa geji. Dai risiti yenye jina la mtengenezaji na namba ya spea. Na kama gari lako ni la kati ya 2013 na 2020, ingiza namba ya chasisi kwenye tovuti ya kampuni iliyoliunda, uone kama limo kwenye orodha ya yale yaliyoitwa.