Vespa na pahala pa kuweka miguu



Leo nina neno juu ya miguu ya mtu aliyepanda Vespa. Najua wapo watakaosema kwamba wiki nzima imepita na mambo yake makubwa, na huyu bwana hakuona la kuzungumza ila miguu. Nawaomba radhi. Lakini hebu simameni pale Darajani jioni, watu wanaporudi makwao, mtazame skuta zinavyopita. Hamtakosa kuiona moja iliyofungwa vyuma viwili mbele, kimoja kulia na kimoja kushoto, nje ya ile ngao ya bati inayokinga miguu, na dereva kainyoosha miguu yake juu ya vyuma hivyo kama mtu aliyekaa barazani kwake anasubiri kahawa. Vyuma hivyo havikuja na chombo. Vimetengenezwa hapa hapa na mafundi wetu wa kuchomea. Kila mtu ana jina lake la kuviita. Mimi nitaviita vikanyagio vya mbele, ili tusipotezane.

Swali ninaloulizwa ni hili: jee, vyuma hivyo ni starehe au ni balaa? Wiki mbili hizi nimekuwa nikisikia majibu makali ya pande zote mbili, na sababu ya ukali huo nitaieleza.

Kwanza tukumbuke chombo chenyewe. Aliyeibuni Vespa, Mtaliani Corradino D'Ascanio, hakuwa fundi wa pikipiki. Alikuwa mhandisi wa ndege na helikopta, na pikipiki hakuzipenda hata kidogo. Kampuni ya Piaggio ilipoitoa Vespa mwaka 1946, vita vimekwisha na watu wa Italia wanatafuta chombo rahisi cha kuwafikisha kazini, bwana huyu alikuwa ameondoa yote yaliyokuwa yakimkera. Injini akaificha nyuma chini ya bati. Gia akazipeleka mkononi. Mbele akasimamisha ngao ili matope yasiruke nguoni. Na katikati akaacha sakafu tupu, mtu anapitisha mguu na kukaa, hana haja ya kupanda kama anayepanda farasi. Hapana shaka ndiyo maana chombo hiki kilitufaa mno sisi watu wa kanzu na buibui.

Sasa, Mtaliani sakafu ile aliiweka kwa ajili ya miguu. Sisi tulipoiona tukasema, hii ni ghala. Hapo ndipo panapokaa gunia la mchele, mtungi wa gesi, dumu la mafuta, tenga la samaki, na mtoto wa skuli kasimama kashika usukani pamoja na baba yake. Sakafu ikijaa, miguu ya dereva inakwenda wapi? Inaning'inia nje, huku na huku, au inawekwa juu ya gunia. Wengi waliofunga vikanyagio vya mbele, ukiwauliza, hawakuvifunga kwa ajili ya kuringa. Walitafuta pa kuweka miguu baada ya mchele kuchukua nafasi yao.

Wengine ni kama mimi, ambao tatizo letu ni urefu. Nina futi 6 na inchi 2. Nikikaa juu ya Vespa magoti yangu yanapinda kama nimekaa juu ya kibao cha mbuzi, na yanakaribia kugusa ngao. Kutoka Mkunazini kwenda Mwanakwerekwe hakuna neno. Lakini kwenda Makunduchi, zaidi ya kilomita 50, ni habari nyengine. Goti likikaa limepinda muda mrefu bila ya kunyooshwa, kile kifupa cha mbele kinakandamizwa, na maumivu huanzia pale pale, mbele ya goti. Anayekaa sana kwenye gari au sinema anayajua. Akiinuka huchechemea hatua tatu za mwanzo. Na dawa yake ni nyepesi kabisa: kunyoosha mguu.

Basi nikenda kwa fundi, kijana hodari, miaka kadhaa sasa. Akaniuliza, "Ami, unataka za kuringia au za safari?" Nikamwambia za safari. Akacheka, akasema wote husema hivyo. Alinitengenezea, na mpaka leo ninavyo, na goti langu linamshukuru. Kwa hiyo mnisikilize nikijua ninalolisema. Mimi si adui wa vyuma hivi.

Lakini tufike kwenye ukali. Mtaani kwetu yupo kijana, mtoto wa jirani, anayepelekea maduka bidhaa kwa Vespa. Mwezi uliopita alikuwa na gunia sakafuni na miguu yote miwili iko mbele juu ya vyuma. Mtoto akatoka mbio kichochoroni anafukuza mpira. Kijana yule alimwona, na alikuwa na nafasi ya kusimama, ila breki yake ilikuwa chini ya gunia na mguu wake ulikuwa nje. Akaupeleka usukani ukutani. Mtoto, alhamdulillahi, hakuguswa. Yeye, chuma cha kulia kiliingia ndani kwa kishindo cha ukuta, kikambana mguu baina yake na ngao, kifundo kikavunjika. Mpaka sasa anatembea kwa mkongojo, na duka la kupelekea bidhaa limepata mtu mwengine.

Baba yake, mzee ninayemheshimu, amekula kiapo kwamba ataandika barua kwa wakubwa vyuma hivi vipigwe marufuku vyote. Namwelewa. Angekuwa mwanangu huenda ningeandika barua mbili. Hata hivyo sikubaliani naye, na nimemwambia hivyo usoni kabla ya kuja kuyasema haya redioni.

Tazama jambo lenyewe. Katika Vespa za gia, breki ya mbele iko mkono wa kulia, na ya nyuma iko sakafuni, chini ya kiatu cha kulia. Breki ya mbele ya zile za zamani ni ya dramu, na peke yake si ya kuitegemea. Kwa hiyo mguu wa kulia una kazi. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, ambao si mwendo wa kutisha, Vespa inakata mita 11 kila sekunde. Tuseme mguu unachukua nusu sekunde tu kutoka kwenye chuma, kuzunguka ukingo wa ngao, kuingia ndani na kuitafuta pedeli. Hiyo ni mita 5 na nusu zimekwenda. Kwa kilomita 50 ni karibu mita 7. Na hapo breki bado haijashika, ndiyo kwanza kiatu kinapapasa. Ikiwa juu ya pedeli kuna gunia, hesabu hiyo tuiwache, haina mwisho.

Mguu wa kushoto, kwa upande wake, hauna kazi yoyote wakati chombo kinakwenda. Klachi iko mkononi, gia ziko mkononi. Huo unyooshe utakavyo. Ndiyo maana mimi ninasema fundi akikuuliza wapi aanze, mwambie kushoto. Cha kulia, ukikitaka, kiwe cha barabara nyeupe ya shamba, umbali mbele unaonekana, hakuna nyumba, hakuna mbuzi, hakuna tuta. Ukiingia mtaani mguu urudi ndani kabla hujaombwa. Marekani wapo wenye pikipiki kubwa za Harley-Davidson waliofunga vikanyagio kama hivi kwenye vile vyuma vya kukinga injini, na wao hunyoosha miguu yote miwili kutwa nzima. Lakini wao wana barabara kuu zilizonyooka kama uzi. Anayeiga starehe yao baina ya Michenzani na Malindi saa kumi na moja jioni ameiga nusu ya jambo.

Iko na habari ya mgongo, ambayo watu hawaifikiri. Miguu ikiwa chini yako, ukiliona shimo unajikaza na kujinyanyua kidogo juu ya kiti, na mshindo unaishia magotini. Miguu ikiwa mbele huna njia ya kujinyanyua. Mshindo wote unapanda kwenye kitako na uti wa mgongo. Na gurudumu la Vespa ni dogo, inchi 8 zile za mwanzo, inchi 10 hizi nyingi tunazozijua. Halipiti juu ya shimo, linaingia ndani likatazame. Kwa hiyo aliyekwenda kwa fundi kutibu goti anaweza kurudi na mgongo. Ninavyofanya mimi ni kunyoosha dakika chache, kisha kurudisha, kisha kunyoosha tena.

Sasa ufundaji, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa zinapopotea.

Usimruhusu fundi kutoboa ngao wala kuichomea chuma moja kwa moja. Pikipiki ya kawaida ina fremu ya mabomba, na mengine yote ni mapambo juu yake. Vespa sivyo. Bati lake ndilo fremu yake. Ukilichoma, rangi ya upande wa pili inaungua usipopaona, na kwa hewa yetu hii ya chumvi kutu haingojei mwaka. Fundi mzuri hutengeneza bomba linalofuata ukingo wa ngao, kisha analibana kwa vibano na skrubu, na baina ya chuma na bati anaweka kipande cha mpira wa tyubu kuukuu. Siku ukitaka kuliondoa, unaliondoa, na Vespa ni ile ile. Kwenye hizi skuta mpya za mwili wa plastiki ndiyo kabisa, plastiki haibebi kitu. Lazima fundi aitafute fremu iliyofichwa ndani, na akikwambia hapana haja, chukua chombo chako uende kwengine.

Kikanyagio chenyewe kiwe cha kukunja. Vile vya abiria vinavyotoka kwenye pikipiki kuukuu vinafaa sana na si ghali, na vina hili zuri: kikigonga kitu kinajikunja, hakisimami imara kikakuvunja mguu. Cha yule kijana wa mtaani kwetu kilikuwa nondo iliyochomewa ikamalizika, haijui kukunja. Ndilo nililomwambia baba yake, kwamba kilichomvunja mwanawe ni nondo ile na gunia lile.

Na kisitokeze kupita ncha za usukani. Hili si la dereva peke yake. Sisi tunaishi kwenye vichochoro, na mtu anayepisha Vespa hujibana ukutani kwa kupima usukani; hajui kuwa chini kuna chuma kingine kinakuja usawa wa muundi wake. Bibi mwenye kikapu hana kosa la kupigwa muundi kwa sababu wewe unaumwa na goti.

Kabla hujamlipa fundi, kaa kitini na mtu mwengine akae nyuma, ili shokapu zishuke kama zinavyoshuka njiani. Zungusha usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, uone kama unagusa goti. Inamisha chombo kama unakata kona, uone kama chuma kinafika chini. Goti libakie limepinda kidogo, lisinyooke kama mwiko. Na mara kumi, nasema mara kumi, rudisha mguu wa kulia kwenye breki bila ya kutazama chini. Ukiikosa hata mara moja, mwambie fundi akisogeze.

Wenye skuta za kisasa zisizo na gia watasema maneno haya hayawahusu, kwa kuwa breki zao zote mbili ziko mikononi. Wana haki kwa upande wa breki. Tena baadhi ya skuta hizo kubwa, kiwanda chenyewe kimeiinua sakafu mbele ili mtu anyooshe mguu ndani ya ngao, pasipo kuutoa nje. Hao walifikiri vizuri. Mwenye skuta ya namna hiyo anayefunga vyuma nje, huyo kweli anaringa.

Ama gunia, kikanyagio si dawa yake. Gunia lipande nyuma, kwenye keria, lifungwe kwa mpira. Kama keria haina nguvu, hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kumpelekea fundi wa kuchomea, kabla ya miguu yetu.

Na kwa kuwa tumeshafika kwa fundi, nina swali kwa wenzangu wanaume. Umejitengenezea vya mbele viwili, vina mpira, vinakunjika. Nyuma yako amekaa mama watoto, kakaa upande kwa ajili ya buibui lake, kapakata mtoto, na miguu yake yote miwili inaning'inia hewani karibu na gurudumu. India, zilikotoka Bajaj na LML, kanuni za vyombo vya moto za mwaka 1989 zinataka kila chombo cha magurudumu mawili kiwe na pa abiria kushika, pa kuweka miguu, na kinga inayofunika si chini ya nusu ya gurudumu la nyuma ili nguo ya aliyekaa nyuma isinaswe. Kwa fundi wetu kazi hiyo ni ya asubuhi moja, kipande cha bomba na bati. Muulizeni bei.