Jamvi Linapotitia

Machi 29, 2013, ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, jijini Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Novemba 16, 2024 ikawa zamu ya Kariakoo.

Nyumba nyingi za kawaida haziendi kwa kishindo namna hiyo, hutitia. Jamvi la zege linabonyea katikati, mlango unaanza kukwama, ufa wa mshazari unachomoza kwenye kona ya dirisha. Mara nyingi zege lenyewe halina kosa. Kosa liko chini yake, kwenye kifusi kilichomwagwa kwa mkupuo na kufunikwa bila kushindiliwa, ilhali kilipaswa kushindiliwa kwa tabaka za sentimita 15 hivi, kikiwa na unyevu. Fundi atasema ni plasta tu. Asiaminiwe haraka! Uchorwe mstari wa penseli kwenye ncha ya ufa na kuandikwa tarehe. Ufa ukiuvuka, aitwe mhandisi, si mpaka rangi.

Mkandarasi naye ahakikiwe Bodi ya Usajili wa Makandarasi kabla ya kupewa hata shilingi. Malipo yafuate hatua za kazi iliyokaguliwa, na sehemu ibaki kwa mwenye nyumba hadi kipindi cha matazamio, cha kurekebisha kasoro, kiishe.