Bastola ya Bei Ghali na Kiganja Chako

Msikilizaji, kama tayari una cheti kutoka Bodi ya Leseni za Silaha hapa Kenya, na mfuko unaruhusu bastola nzuri ya kulenga shabaha, usianze na jina wala mng'aro. Anza na kiganja.

Chukua SIG P210, bastola iliyoingia jeshi la Uswisi mwaka 1949. Wanaoijua huisifu kwa kulenga barabara. Lakini zile za zamani zina kasoro: nyundo ikirudi nyuma humfinya mwenye kiganja kinene, pale kati ya kidole gumba na cha shahada. Pesa zote hizo, na bado inauma!

Dukani, muuzaji atoe magazini, avute slaidi, nawe uchungulie chemba kwa macho yako. Kisha, ukiielekeza upande salama, shika mpini juu kadiri uwezavyo, mtutu ufuate mstari wa mkono. Triga iguswe na nyama ya ncha ya kidole. Ikifika kwenye kiungo, mpini ni mwembamba kwako. Ukilazimika kuizungusha bastola ndipo uifikie triga, mpini ni mnene.

Tangu Walther P99 ya mwaka 1997, bastola nyingi za plastiki huja na migongo ya mpini ya kubadilisha. Za chuma, ambazo ndizo ghali, mara nyingi hubadilishwa vibao vya pembeni tu. Kwa hiyo omba kuijaribu bastola kwenye uwanja wa shabaha kabla ya kulipa. Mpini uliopendeza dukani huweza kuanza kuchubua kiganja kwenye magazini ya pili.