Vumbi la kahawa na kifua kinachobana usiku

(Muziki wa kufungulia kipindi. Unashuka taratibu.)

Leo siko kambini. Nimekuja Bujumbura, Zone Industrielle, karibu na vinu vya kukobolea kahawa. Hapa vumbi la maganda linashika hadi kwenye kope.

Nimeongea na mzee mmoja mbeba magunia, mkimbizi kama sisi. Ana pumu. Mchana anafanya kazi vizuri. Usiku kifua kinabana, anakaa kitandani akihema. Kila wiki anavuta pampu yake ya buluu mara nyingi zaidi, naye anafikiri ndiyo kutibiwa huko.

Kumbuka mbu anapokuuma: ngozi inavimba, inawasha. Si mbu aliyekuvimbisha. Ni mwili wako wenyewe, umemwaga kemikali iitwayo histamini ili kuita askari wa damu. Ndani ya mapafu ya mwenye pumu mambo ni hayo hayo. Vumbi likiingia, chembe za ulinzi zinamwaga histamini na lukotriini. Kwa dakika chache misuli ya njia ya hewa inakaza. Saa kadhaa baadaye askari wengine wanafika, njia inavimba na kujaa makohozi. Ndiyo maana vumbi la mchana linaweza kukutesa usiku.

Watafiti waliochunguza viwanda vya kahawa Tanzania walikuta dalili za pumu kwa wafanyakazi zaidi kuliko kwa watu wa kazi nyingine.

Sasa shika hili. Pampu ya buluu, yaani salbutamoli, inalegeza misuli kwa saa chache tu. Uvimbe haiugusi. Kinachotuliza uvimbe ni dawa ya kuvuta yenye steroidi, na hiyo huvutwa kila siku, hata ukijisikia mzima. Ukimaliza pampu 3 au zaidi za buluu kwa mwaka, pumu yako haijatulia. Rudi kwa muuguzi, umwulize habari ya dawa ya pili.

Mtoto wako hawezi kuvuta pampu vizuri? Chukua chupa safi ya plastiki ya mililita 500. Toboa kitako chake tundu linalobana mdomo wa pampu. Bonyeza mara moja, naye apumue polepole kupitia shingo ya chupa. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walionyesha kwamba chupa hii inafaa sawa na kifaa cha dukani.

Kazini funika pua na mdomo, na lowesha sakafu kabla ya kufagia. Kikohozi kikizidi wiki mbili, pima kifua kikuu pia. Mtu akishindwa kumaliza sentensi, au midomo ikigeuka buluu, mkalishe wima, usimlaze. Mpe pampu na mkimbizeni hospitali.

Mzee ameniahidi kwenda kliniki kesho. Na wewe, pampu yako ni ya ngapi mwaka huu?

(Muziki.)