Intaneti Isiyo na Waya Katika Mkutano wa Watu Wengi

Mwalimu wenu na aandike ubaoni neno hili: Wi-Fi. Hutamkwa "waifai". Maana yake ni intaneti inayofika kwenye simu au kompyuta kwa mawimbi ya redio, bila waya.

Mwaka mmoja nilihudhuria semina ya walimu, nasi tulizidi watu 300. Siku iliyotangulia fundi alijaribu simu yake katika ukumbi mtupu, akasema mambo ni mazuri. Kesho yake ukumbi ulipojaa, simu zetu hazikupata kitu. Nasi tulikuwa tumeagizwa kupeleka majina ya wanafunzi wa mtihani kabla ya saa kumi jioni! Mwenzangu mmoja alipanda kilima nyuma ya jengo, ameinua simu juu kama mtu atakaye kukinga maji ya mvua. Yeye alifaulu. Mimi sikufaulu, na wanafunzi wangu 14 walingoja mpaka mwaka uliofuata. Tangu siku ile nimewauliza sana mafundi.

Sababu ni hii. Ninyi mnajua kwamba stesheni mbili zikitangaza mahali pamoja, hamsikii hii wala ile. Wi-Fi nayo ina njia zake. Katika mawimbi ya gigahezi 2.4, njia ambazo mafundi huzitumia bila kugongana ni tatu tu: ya 1, ya 6 na ya 11. Na katika kila njia husema mmoja kwa wakati mmoja. Wengine hungoja zamu. Watu kumi hawaoni taabu. Watu mia tatu hungoja mpaka wachoke.

Tena mwili wa mtu una maji mengi, na maji hunywa mawimbi hayo. Ndiyo maana ukumbi mtupu ulimdanganya yule fundi.

Wakubwa nao wamepatwa. Mwezi wa Juni mwaka 2010, mjini San Francisco, Marekani, Steve Jobs wa kampuni ya Apple alisimama kuonyesha simu mpya, nayo ikakataa kufungua kurasa mbele ya watu wote. Aliwaambia kuwa mlikuwa na vituo vya Wi-Fi 570 ndani ya ukumbi ule. Vingi vilikuwa vidude vidogo walivyokuja navyo wasikilizaji wenyewe. Akawaomba wavizime.

Basi fundi mzuri afanyeje? Asiyejua hufikiri dawa ni kuongeza nguvu za kisanduku kinachorusha mawimbi. Sivyo. Kisanduku kikipaza sauti, simu iliyo mbali hukisikia, lakini sauti ya simu ni ndogo, nacho hakiisikii. Ni sawa na mtu mwenye kipaza sauti akiongea na mgonjwa anayenong'ona. Fundi huweka visanduku vingi, kila kimoja na nguvu kidogo, kihudumie watu walio karibu nacho tu. Hutumia zaidi mawimbi ya gigahezi 5, ambayo yana njia nyingi kuliko yale mengine. Katika viwanja vikubwa vya michezo visanduku vingine hufichwa chini ya viti, ili miili ya watu iwe ukuta kati ya kimoja na kingine. Jambo hili lilinipendeza sana: kile kilichotuharibia sisi, wao wamekifanya msaada.

Kila kisanduku huunganishwa kwa waya madhubuti, na kompyuta ya msemaji vilevile hupewa waya wake, isigombanie zamu na simu za watu.

Kuna hesabu moja husahauliwa. Kila simu hupewa namba yake ili ipate intaneti. Mitambo midogo mingi ina namba kama 250 tu, na aliyeondoka asubuhi huweza kubaki na namba yake hata siku nzima. Watu 300, wengine wana simu na kompyuta, watatosha wapi? Fundi huongeza namba, na huzirudisha baada ya saa moja hivi.

Zoezi la juma hili: hesabuni simu zilizomo darasani mwenu leo, kisha mwandike namba za zile njia tatu bila kuangalia ubao. Tutasahihisha Jumanne. Kwa herini.