Sonona, Presha na Mazoezi ya Mwili



Mtu akiambiwa ana presha, hupewa dawa. Akiwa na sonona, yaani huzuni nzito inayodumu wiki mbili au zaidi, watu husema "ana mawazo mengi" na mambo huishia hapo. Lakini magonjwa haya mawili hufuatana.

Mwenye sonona hakosi usingizi tu. Huacha kutembea, huzidisha pombe au sigara, na huacha dawa zake. Mwili wake hukaa kama uko vitani, na moyo ndio unaoumia. Kwa upande mwingine, aliyepata kiharusi au mshtuko wa moyo hupoteza nguvu na kipato. Mvuvi wa Mbita au mchimba dhahabu wa Macalder asiyeweza tena kufanya kazi hukata tamaa upesi.

Mazoezi husaidia pande zote mbili: hushusha presha, huleta usingizi na hupunguza huzuni. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki kwa mtu mzima, sawa na nusu saa kwa siku tano. Kulima, kuchota maji na kutembea hadi sokoni vinahesabika, mradi pumzi iende kasi kidogo. Mwenye bodaboda na mwenye duka hukaa kutwa. Hao watenge muda wa kutembea.

Kwa mwenye sonona, hata kutoka kitandani ni mzigo. Asiitwe mvivu. Jirani ampitie watembee pamoja, hata dakika 10 kwa kuanzia.

Mazoezi hayachukui nafasi ya dawa. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamepewa vifaa vya kupima presha na sukari nyumbani. Mhudumu akifika, kubalini kupimwa, kisha mwelezeni pia kuhusu usingizi na huzuni. Wanaotumia ARV waulizie presha siku ile ile ya kliniki.

Kifua kikibana au pumzi ikikatika, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja. Mtu akisema hataki kuishi, asiachwe peke yake wala asikemewe. Apelekwe kituo cha afya, au ipigwe 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu.